Hasira ya saa 2 usiku iliyoanza saa 8 mchana: uchambuzi wa kisa kimoja cha tiba

Kisa hiki kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wengi wanaotafuta tiba kwa sababu ya hasira. Si habari ya mtu mmoja, na hesabu za mteja zimewekwa ili kuonyesha jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Tafiti na vipimo vinavyotajwa, hivyo vipo kweli.

Mteja ni mwanamume wa miaka 39, msimamizi wa ghala, ana mke na watoto wawili, wa miaka 10 na 6. Kilichomfikisha kwa mtaalamu wa saikolojia ni rimoti ya televisheni. Jioni moja aliivurumisha ukutani, ikapasuka, kipande kikamkwaruza mtoto mdogo shavuni. Kidonda kilikuwa cha kusafisha tu, lakini mkewe alimweleza bila kuzunguka: ama atafute msaada, ama yeye na watoto wahame.

Kikao cha kwanza alikuja na maelezo ambayo kila mtaalamu wa fani hii ameyasikia. Yeye si mgomvi, kazini hata hapazi sauti, ila watoto wa siku hizi hawasikii. Alipoulizwa anataka tiba imfikishe wapi, alijibu, "Nisikasirike tena." Mtaalamu hakulikubali lengo hilo, na alifanya vyema. Hasira ni taarifa kwamba kuna jambo linaonekana si haki, au njia imezibwa, au mtu anahisi kudharauliwa, na hakuna tiba inayoweza kuizima taarifa hiyo. Zaidi ya hapo, mtu aliyejiwekea lengo la kutokasirika kabisa hujiona ameshindwa wiki ya kwanza tu, naye huacha. Malengo yaliyoandikwa yalikuwa matatu, yote ya kuhesabika: kutorusha kitu hata mara moja, kupunguza kufoka nyumbani kutoka mara nne kwa wiki hadi mara moja au pungufu, na anapokasirika, hasira iishe ndani ya nusu saa badala ya kulala nayo.

Usalama kwanza, kisha mwili

Kabla ya kumfundisha mtu chochote kuhusu hasira, kuna swali la kumalizwa: je, hapa tuna mtu anayeshindwa kujizuia, au tuna mtu anayetumia vitisho kumtawala mwenzake? Kwa nje mambo haya mawili hufanana, lakini tiba zake ni mbali na mbali. Anayemdhibiti mkewe kwa kumnyang'anya simu, kumkataza kwenda kwa ndugu zake au kumfanya aombe ruhusa ya kila kitu, tatizo lake si hasira. Akifundishwa kutulia, ataendelea kutawala kwa utulivu. Tena kumweka mke kama huyo kwenye kikao cha pamoja ni kumhatarisha, kwa sababu atakalolisema mbele ya mtaalamu huenda akalilipia wakifika nyumbani.

Kwa hiyo mke alizungumza na mtaalamu peke yake. Aliulizwa maswali ya moja kwa moja: amewahi kukupiga, kukusukuma, kukukaba shingo, kukuzuia usitoke? Kuna silaha nyumbani? Unapopanga siku yako, unaipanga kwa kumwogopa? Kukabwa shingo kuliulizwa makusudi, kwa sababu hata kama kulitokea mara moja na hakukuacha alama, ni dalili nzito ya hatari ya kuuawa siku za usoni. Majibu yote yalikuwa hapana. Alichokiogopa ni kelele na vitu kurushwa, pamoja na jinsi watoto walivyoanza kukimbilia chumbani wakisikia mlango wa mbele unafunguliwa. Aliambiwa pia afanye nini iwapo majibu yake yatabadilika, na ahadi ya usiri ilielezwa na mipaka yake: mtoto akiumizwa, taarifa itatolewa.

Kisha ikaja zamu ya mwili. Kukereka haraka ni dalili ya magonjwa mengi, na ni aibu kumfundisha mtu kupumua kwa wiki 12 huku tezi yake ya shingo ikizalisha homoni kupita kiasi. Mteja alipelekwa kwa daktari kupimwa tezi hiyo na kuulizwa kuhusu maumivu ya kudumu, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, na dawa anazotumia. Prednisoloni inaweza kumfanya mtu awe na hamaki, vivyo hivyo levetirasetamu, dawa ya kifafa. Kwake vipimo vilikuwa sawa na hakuwa na dawa yoyote. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10 kuhusu pombe, lilimpa alama 6, na alama 8 ndiyo huanza kutia shaka. Dodoso la sonona la PHQ-9, ambalo kilele chake ni 27, lilimpa 9, yaani dalili hafifu. Kipimo cha pili hakidharauliwi kwa wanaume, maana baadhi yao sonona huwajia kwa sura ya kisirani kuliko ya huzuni. Usingizi wake ulikuwa saa tano na nusu kwa usiku.

Je, ana ugonjwa wa milipuko ya hasira ya ghafla? Mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, uliotolewa mwaka 2013, unataka milipuko ya maneno au ya nguvu isiyoleta madhara ifike wastani wa mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, au milipuko mitatu yenye uharibifu au majeraha ndani ya miezi 12. Iwe ya msukumo wa ghafla, isiyopangwa, na isiyolingana na jambo lililoichokoza. Mteja alikuwa anaufikia mstari huo. Mtaalamu aliliandika hilo kwenye faili kisha akaendelea na kazi, kwa kuwa jina la ugonjwa halikubadilisha hatua ya kwanza hata kidogo.

Daftari

Hatua hiyo ni daftari. Kosa ambalo wengi hulifanya, wakiwemo baadhi ya washauri nasaha, ni kumwambia mteja aandike milipuko tu. Ukiandika milipuko tu, utajifunza kuhusu milipuko, na mlipuko ndio sehemu ya hasira isiyofundisha sana. Mteja huyu alipewa kazi mbili. Ya kwanza, kila akikasirika kufikia 4 au zaidi katika kipimo cha 0 hadi 10, aandike saa, kilichotokea, mwili ulivyokuwa, wazo lililopita kichwani, alichofanya, na muda uliopita hadi kushuka chini ya 3. Ya pili, kila siku ya kazi aandike namba moja tu, mara tatu: saa 8 mchana, saa 11 jioni, na akiwa mlangoni kabla hajaingia nyumbani. Hiyo ya pili aiandike hata kama hakuna lililotokea.

Hivi ndivyo ukurasa mmoja wa wiki ya kwanza ulivyosomeka:

Jumanne. Saa 8: 6. Saa 11: 5. Mlangoni: 6.
Saa 1:40 usiku. Viatu vya mkubwa viko katikati ya njia, nilishasema mara mia. Mwili: taya limekaza, masikio ya moto, mikono mizito. Wazo: hakuna anayeniheshimu, wananifanyia makusudi. Nilifanya: nilipiga kelele, nikavitupa viatu nje. Kilele: 9. Kushuka: saa 4:30 usiku.

Baada ya wiki mbili kulikuwa na maandishi 16. Kati yake, 12 yalikuwa ya kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Alikuwa amefoka nyumbani mara 8. Kati ya siku 12 za kazi, alifika mlangoni akiwa na 5 au zaidi siku 9, na katika siku hizo 9 ndimo zilimo 7 kati ya mara 8 alizofoka. Siku nyingine zote, pamoja na siku za mapumziko, alifoka mara moja. Viatu vilikuwepo mlangoni karibu kila siku.

Ukurasa huo ndio uliobadilisha tiba nzima. Mteja alikuwa amekuja kushtaki watoto. Namba zake mwenyewe zilionyesha kwamba watoto walikuwa wanapokea kitu kilichoanza kwingine. Alipoulizwa saa 8 mchana kuna nini, alinyamaza kidogo, kisha akasimulia kikao cha kila siku cha kupanga mizigo, ambapo bosi wake humuuliza kuhusu ucheleweshaji mbele ya madereva. Humo hasemi neno. Huondoka, huruka chakula cha mchana ili kufidia muda, kisha safari nzima ya dakika 40 kurudi nyumbani anakirudia kikao kichwani, akijitungia majibu ambayo angempa bosi.

Kucheua huko ndiko kunakoiweka hasira hai. Mwili uliochokozwa hutulia wenyewe ukiachwa, lakini kila mara mtu anapoirudia dharau kichwani, mwili huipokea kama mpya: moyo huongeza kasi, misuli hukaza. Ndiyo maana namba ya saa 11 mara nyingine ilikuwa ndogo kuliko ya saa 8, halafu ya mlangoni ikapanda tena bila mtu yeyote kumgusa.

Kwa nini kufoka kunazoeleka

Kuna jambo moja ambalo wateja hawapendi kulisikia, na mtaalamu asiyelisema anamdhulumu mteja: kufoka kunafanya kazi. Mtoto aliyepigiwa kelele huokota viatu ndani ya sekunde kumi. Mvutano mwilini hushuka papo hapo, na kile kisichowezekana kazini, yaani kusikilizwa, kinapatikana nyumbani kwa sauti moja. Hasara yake huja baadaye na kwa polepole: mtoto anayejificha, mke anayeacha kuzungumza, majuto ya usiku. Faida ya papo kwa papo huishinda hasara ya baadaye katika kujenga mazoea, iwe kwenye sigara, iwe kwenye kufoka. Kumwambia mtu kwamba kufoka ni kubaya hakumsaidii, anajua. Anachohitaji ni njia nyingine itakayompa sehemu ya kile ambacho kelele zilimpa.

Ramani ya tatizo iliandikwa kwenye karatasi moja kwa maneno ya mteja: kudharauliwa saa 8, njaa, kucheua njiani, usingizi mfupi, kufika na 6, kitu kidogo, wazo la "makusudi", kelele, nafuu, majuto. Kila kiungo kilipewa kazi yake. Tiba yenyewe ilipangwa kwa vikao 12 vya dakika 50, kwa mtindo wa tiba ya utambuzi na tabia, yaani ile inayofanyia kazi mawazo na mazoea ya mtu, ambao mwanasaikolojia Raymond Novaco aliuweka katika umbo la tiba ya hasira mwaka 1975: kujiandaa, kujifunza stadi, kisha kuzifanyia mazoezi chini ya uchokozi uliopimwa.

Kupumua, na kilichoharibika

Kikao cha tatu alifundishwa kupumua kwa kuvuta hewa puani kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, yaani pumzi sita kwa dakika, dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Aliongezewa zoezi la kukaza na kulegeza misuli, kundi moja baada ya jingine: kukaza sekunde 5, kulegeza sekunde 20, kuanzia mikono hadi taya. Taya lilipewa raundi mbili kwa sababu daftari lilikuwa limelitaja mara nyingi.

Wiki iliyofuata alirudi akisema upuuzi huu haufai. Alijaribu siku moja akiwa na 8, akavuta pumzi kubwa kubwa za haraka, kichwa kikamzunguka, akafoka vilevile. Makosa hapo yalikuwa mawili. Kwanza, alipumua kwa wingi badala ya kwa taratibu. Pumzi kubwa za haraka huondoa hewa ya kaboni dayoksaidi mwilini kupita kiasi na kuleta kizunguzungu na ganzi ya midomo, dalili zinazofanana kabisa na za mtu anayezidi kupandwa. Pumzi inayotuliza ni nyepesi, na iliyo ndefu ni ile ya kutoka. Pili, alilitumia zoezi kileleni huku alikuwa hajalizoea akiwa chini. Kwenye 8 mtu hana tena nafasi ya kukumbuka jambo alilojifunza Jumatatu. Zoezi hufanywa kwenye 1 na 2 hadi mwili ulijue, hutumiwa kwenye 3 na 4, na kwenye 8 halitegemewi.

Kwa hiyo zoezi lilihamishiwa njiani. Kituo kimoja kabla ya nyumbani, alikuwa anasimama dakika 10, anapumua, anakula kitu, na anaandika namba. Kanuni ilikuwa moja: haingii ndani akiwa na zaidi ya 4. Mkewe alijulishwa, ili kuchelewa kwa dakika 10 kusigeuke kesi nyingine.

Wakati huohuo ilijulikana kwamba rafiki yake alikuwa amemshauri anunue gunia la kupigia ngumi, atoe hasira. Ushauri huo umeenea kote na ni mbovu. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliochokozwa walipiga gunia huku wakimfikiria aliyewachokoza. Walitoka na hasira kubwa kuliko wengine, na waliokaa kimya bila kufanya lolote ndio waliokuwa wapole zaidi. Mwaka 2024 Sophie Kjærvik na Bushman walikusanya tafiti 154 zenye washiriki 10,189: mambo yanayoshusha msisimko wa mwili, kama kupumua, kulegeza misuli na kutafakari, yalipunguza hasira, yanayoupandisha kwa jumla hayakusaidia, na kukimbia peke yake hata kulielekea kuiongeza. Mazoezi yabaki kwa ajili ya moyo na usingizi, na yafanywe saa nyingine, si dakika ile mtu amefura.

Kujitoa kulivyogeuka kununa

Stadi ya pili ni kujitoa kwa muda. Inaonekana rahisi, nayo ndiyo iliyoleta mgogoro mkubwa wa tiba hii. Wiki ya tano, katikati ya ubishi kuhusu matumizi, mteja alisimama, akafungua mlango, akaenda zake bila neno. Alirudi baada ya saa tatu na hakuligusia tena jambo lile. Kwake yeye alikuwa ametii tiba. Kwa mkewe, ilikuwa dharau na kununa, tena mbaya kuliko kelele, kwa kuwa kelele angalau zina mwisho. Na mteja mwenyewe alikiri kwamba kati ya hizo saa tatu, zaidi ya mbili alikuwa akitembea huku akipanga la kusema.

Utaratibu ukaandikwa upya, safari hii mke akiwepo. Anajitoa akifika 5, hangoji 8. Anasema sentensi moja iliyokubaliwa kabla: "Mama watoto, nimepanda, natoka nusu saa, nikirudi tunaendelea." Haongezi lolote, ukiongeza "kwa sababu wewe", tayari umefyatua risasi ya mwisho ukiwa mlangoni. Haendeshi gari, hanywi pombe, hapigii mtu simu ya malalamiko. Muda haupungui dakika 20, kwa sababu mwili uliopanda huhitaji takribani muda huo kushuka, na hauzidi saa moja bila taarifa. Huko nje akili ipewe kazi isiyohusiana na ugomvi: kuhesabu hatua kurudi nyuma kutoka 300 kwa kutoa saba saba kulimfaa. Na aliyejitoa ndiye mwenye wajibu wa kulirudisha jambo mezani, usiku uleule au kesho kwa saa iliyotajwa. Mke naye alikubali sharti moja gumu: kutomfuata mlangoni.

Kifungu cha aliyejitoa kulirudisha jambo ndicho watu wengi hukiruka. Kikikosekana, kujitoa kunakuwa njia ya kukwepa kila mazungumzo magumu, na baada ya miezi michache mwenzi atakuwa na kila sababu ya kuikataa stadi nzima.

Wazo la "makusudi"

Kuanzia kikao cha sita kazi ilihamia kwenye tafsiri. Katika maandishi 16 ya mwanzo, neno "makusudi" lilionekana mara 9 na "hawaniheshimu" mara 7. Mtaalamu hakumwambia afikirie mazuri. Mtu mwenye hasira akipewa wazo tamu asiloliamini, hukasirika mara ya pili. Aliulizwa maswali ya kipelelezi: mtoto wa miaka 10 anapoacha viatu njiani, ni maelezo gani mengine yanawezekana? Siku ambazo haupo nyumbani, viatu huwa wapi? Mteja alikwenda kumuuliza mkewe, akaambiwa viatu huwa palepale. Basi mtoto hakuwa anamfanyia yeye kitu. Wazo jipya aliloliandika mwenyewe halikuwa la upole hata kidogo: "Ni mzembe wa viatu, si adui yangu. Uzembe unarekebishwa." Lilifaa kwa sababu aliliamini kwa asilimia 80, na kwa sababu lilimwachia haki ya kukerwa.

Wazo la bosi lilikuwa tofauti, na hapa mtaalamu asiye makini angeharibu. "Ananidhalilisha mbele ya madereva" halikuwa wazo potofu. Kwa kadiri ilivyoweza kujulikana, lilikuwa kweli. Hasira yenye sababu haihitaji kusahihishwa fikra, inahitaji tendo. Kikao cha saba na cha nane vilitumika kwa maigizo, mtaalamu akiwa bosi. Mteja alianza na sauti ndogo isiyosikika, akarukia sauti kubwa ya vitisho; watu wanaofoka nyumbani mara nyingi ndivyo walivyo, hawana gia ya katikati. Sentensi waliyoifikia ilikuwa na sehemu tatu, jambo, athari, ombi: "Bosi, ninapoulizwa kuhusu ucheleweshaji mbele ya madereva, baadaye wanabishia maelekezo yangu. Naomba masuala yangu tuyazungumze sisi wawili kabla ya kikao." Aliirudia mara kumi hivi kwenye maigizo, mara nyingine bosi wa kuigiza akimkatiza na kumcheka.

Maigizo hayo ni sehemu ya zoezi jingine, la kuchokozwa kwa kipimo. Mteja aliorodhesha matukio manane kuanzia yanayomfikisha 3 hadi yanayomfikisha 8. Akifumba macho, analiona tukio la chini kabisa kwa undani, mwanga, sauti, maneno, hadi namba ipande; hapo anaanza kupumua na kusema wazo lake jipya hadi ishuke kwa angalau nusu. Halafu analirudia. Tukio linalofuata haliguswi hadi la kwanza lisipande zaidi ya 2. Kwenda haraka ndiko kunakoharibu zoezi hili: ukianza na la 8, mteja hutoka kikaoni akiwa amechemka na kwenda moja kwa moja nyumbani. Ndiyo maana dakika 10 za mwisho za kikao cha namna hiyo huachwa kwa ajili ya kutulia tu.

Watoto na usingizi

Watoto waliombwa radhi, kila mmoja peke yake, kwa sentensi zilizoandaliwa: nilichofanya, kwamba halikuwa kosa lako, nitakachofanya nikikasirika tena. Neno "lakini" lilipigwa marufuku, maana "samahani, lakini ungeokota viatu" ni shitaka. Hakumuuliza mtoto kama amemsamehe. Huo ni mzigo asiostahili kubebeshwa.

Usingizi ulirekebishwa kwa saa ya kuamka isiyobadilika na simu kuachwa sebuleni, ukafika saa 6 na dakika 45. Hakuna la ajabu hapo, ila katika daftari lake asubuhi zilizofuata usiku mfupi zilianza na 3 badala ya 1, na mtu anayeanza siku na 3 ana ngazi chache za kupanda.

Hali ilivyokuwa mwishoni

Wiki ya 11 na ya 12 maandishi yalikuwa 8, nusu ya mwanzo. Kufoka nyumbani kulitokea mara moja. Hakuna kilichorushwa tangu wiki ya tatu. Wastani wa kilele ulishuka kutoka 7.6 hadi 4.9, na muda wa kushuka kutoka zaidi ya saa mbili hadi dakika 25. Mke, aliyehojiwa tena peke yake, alithibitisha hesabu hiyo na kuongeza kwamba mdogo ameacha kukimbilia chumbani, ila mkubwa bado anajihadhari. Ushahidi wa mwenzi ni wa lazima katika kazi hii, kwa sababu mwenye hasira hujipa alama nzuri mapema mno.

Matokeo kama haya hayashangazi wala si ya kila mtu. Mwaka 1998 Richard Beck na Ephrem Fernandez walijumlisha tafiti 50 zenye watu 1,640, wakakuta kwamba aliyepata tiba ya utambuzi na tabia kwa hasira, kwa wastani, alikuwa na hali bora kuliko asilimia 76 ya wasiotibiwa. Maana yake ni kwamba wapo ambao hawakupata nafuu kubwa. Wanaosukumwa na mahakama au familia bila wao wenyewe kuona tatizo, huishia kujifunza msamiati wa tiba na kuutumia kama silaha. Anayefoka akiwa amelewa anahitaji tiba ya pombe kwanza. Anayekereka, anayelala kwa saa tatu tu bila kuchoka na mwenye mipango mikubwa isiyoisha, anahitaji kuchunguzwa na daktari wa akili kabla ya kupewa daftari lolote. Mwenye hasira iliyoanza baada ya ajali, vita au kushambuliwa anahitaji tiba inayogusa tukio lenyewe.

Kuteleza kulikuja wiki ya 10. Kulikuwa na kazi ya kuhesabu mali ghalani, akalala kwa saa nne tu kila usiku siku tatu mfululizo, akaacha kusimama kituo kimoja kabla ya nyumbani kwa kuwa alikuwa amechelewa, akafoka siku mbili zilizofuatana. Kikaoni hakuulizwa kwa nini amerudi nyuma. Aliulizwa ni kiungo gani kilikatika kwanza, naye akakionyesha kwenye daftari mwenyewe: kusimama. Kuanzia hapo sharti likageuzwa: siku aliyochelewa zaidi ndiyo siku anayosimama zaidi, dakika 15.

Bosi, baada ya kuambiwa sentensi ile, alibadilika nusu nusu. Huuliza faragha wiki nyingi, husahau wiki nyingine. Kukereka barabarani hakukuguswa kabisa, na mteja aliamua kukuacha kwa sasa. Vikao viwili vya mwisho vilitenganishwa kwa wiki tatu, kisha kikapangwa kimoja baada ya miezi mitatu. Kwenye karatasi aliyoondoka nayo kuna masharti mawili ya kupiga simu kabla ya tarehe hiyo: kitu chochote kikirushwa, hata mto, au akifika mlangoni na 5 au zaidi kwa siku tatu ndani ya wiki moja. Nakala ya karatasi anayo mkewe, na yeye pia ana ruhusa ya kupiga.